Je, Kumwagilia Mchicha ni Anasa?

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaa mlango kwa mlango: kumwaga na kumwagilia. Ukimwaga maji, umeyapoteza. Ukimwagilia, umeyafikisha kwa mwenye kiu. Tofauti yao ni kile kipande kidogo cha kauli ya kutendea tulichokariri shuleni bila kujua kina kazi gani maishani. Kinasema tu kwamba mwishoni mwa tendo kuna mpokeaji. Kanda ya Ziwa utasikia pia watu wakisema kunyeshea bustani, na hilo ni neno la mvua: anayenyeshea anafanya kazi ambayo mawingu yamegoma kuifanya.

Kwa hiyo lugha imeshaamua kwamba kumwaga si kumwagilia. Mtaani kesi bado iko wazi. Mwezi wa tisa Shinyanga, jirani akikuona umeinama na ndoo kwenye tuta la mchicha wakati bomba lina siku nne halijatoa kitu, hatakwambia unamwagilia. Atakwambia unamwaga maji. Je, ana haki ya kusema hivyo? Maji yanapokuwa machache, bustani ya nyuma ya jiko ni hitaji, au ni anasa inayowanyima wengine?

Swali linaonekana dogo, la mboga. Mimi naona ni kati ya maswali makubwa ya maadili tuliyonayo katika ukanda huu, kwa sababu halimhusu mtu mbaya. Hakuna mwizi hapa. Wapo wawili, wote wana haja ya kweli, na ndoo ni moja.

Tuanze na hali ya hewa, maana ndiyo inayotunga kesi. Mamlaka ya Hali ya Hewa inaiweka mikoa ya Shinyanga na Geita kwenye maeneo yenye misimu miwili ya mvua, vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi. Mkulima wa Usukumani anajua kwamba kwake misimu hiyo mara nyingi huungana ikawa mmoja mrefu wenye tundu katikati, ile Januari na Februari ambapo mahindi husimama yakitazama juu. Mwezi wa tano ukiisha, mbingu zinafungwa. Kuanzia Juni hadi Septemba ni upepo, vumbi na jua. Geita, kwa kuwa iko karibu na ziwa, inapata zaidi. Shinyanga inapata pungufu, kati ya milimita 600 na 900 kwa mwaka, na zenyewe hazina adabu: zinaweza kushuka nusu ya mwezi kwa siku mbili, zikakimbilia mtoni zote.

Halafu kuna udongo. Wasukuma waliupa majina kabla ya maabara yoyote: luseni ule wa kichanga, itogolo ule mgumu usiopitisha maji, mbuga ule mweusi mzito. Luseni unakunywa ndoo yako na kuisahau. Mbuga unaishika, lakini kiangazi unapasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kupitisha mkono. Kwa hiyo mtu wa Ndala au Kambarage anayeamua kuwa na matuta mawili ya mchicha na matembele mwezi wa nane anashindana na udongo na mbingu kwa wakati mmoja, na silaha yake ni ndoo ya lita 20.

Sasa tupige hesabu, maana bila hesabu tutabaki kuhurumiana tu. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kiangazi, jua na upepo wa kule huondoa kwenye tuta milimita 5 kwa siku, na siku mbaya zaidi ya hapo. Tuta la mita moja kwa tano basi linahitaji lita 25 kila siku ili mboga isinyauke.

Weka namba hiyo pembeni, halafu fungua Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002. Kiwango kilichowekwa kwa mwananchi wa kijijini ni lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, kituo kimoja kwa watu 250. Lita 25. Yaani tuta moja la mchicha, kiangazi, linakula mgao wa binadamu mmoja. Familia ya watu sita yenye tuta moja ni, kwa macho ya bomba, familia ya watu saba. Ukiwa na matuta mawili, ni wanane. Sijui njia ya wazi zaidi ya kuuonyesha mzigo wa kimaadili ulioko kwenye ile ndoo. Anayemwagilia analisha mtu wa ziada, ambaye hayupo kwenye daftari la balozi.

Jirani angeniona naandika hivi angesema, si umeona? Nilikwambia anamwaga. Subiri kidogo. Tujiulize lile dumu la lita 25 lilipimwa kwa kazi gani. Ni kiwango cha kunywa, kupika, kunawa, kufua kidogo. Mwaka huohuo wa 2002 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni ilitoa ufafanuzi wake maarufu wa haki ya maji, na matumizi ya nyumbani iliyoyataja ni yaleyale: kunywa, usafi wa mwili, kufua, kuandaa chakula, usafi wa nyumba. Wakulima wanyonge wamekumbukwa humo, wakiwemo wanawake, lakini katika aya inayozungumzia kilimo na chakula. Ile bustani iliyo kati ya jiko na choo, ambayo si shamba na si chumba, haina aya yake.

Angalia neno "kuandaa chakula". Maji ya kuoshea mchicha yanahesabiwa kuwa haki. Maji ya kuuotesha hayahesabiwi. Ukinunua fungu sokoni, lita zilizoliotesha zilitumika mahali pengine, huko Magu au kandokando ya ziwa, na hakuna atakayekuuliza. Ukiotesha mwenyewe, lita zinaonekana na unaitwa mbadhirifu. Hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Hatia inamwangukia yule ambaye maji yake yanaonekana, na mwenye hela ya kununua fungu yuko nje ya mashtaka kabisa.

Hii si nadharia. Miaka michache nyuma nilikuwa Shinyanga mjini kwa kazi nyingine, siku za mgao, nikakuta majirani wawili wamesimama kwenye uzio wa katani. Mmoja nyumba yake iko juu kidogo, karibu na bomba kubwa. Mwingine yuko chini, mwisho wa laini.

"Dada, sisi huku hatujapata hata ndoo ya kupikia, na wewe unanyeshea majani?"

"Majani haya ndo mboga ya watoto wangu, dada. Fungu pale sokoni limepanda na limekonda. Na maji nimelipia, bili ninayo ndani."

"Umelipia maji. Hukulipia presha."

Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa kivulini akachambua kunde alicheka kidogo, akasema bila kuinua kichwa, "Ng'wanawane, presha nayo ingekuwa na bili tungeishia pabaya." Hakuna aliyeshinda pale. Yule wa juu alimpa mwenzake ndoo mbili, na jioni alimwagilia kama kawaida.

Nimelirudia mara nyingi lile jibu la presha kwa sababu linavunja hoja ambayo sisi watu wa mjini tunaipenda sana: nimelipia, basi ni yangu. Maji ya bomba yana tabia ya ajabu. Uniti unazosoma kwenye mita ni zako, lakini ile nguvu inayoyasukuma ni ya laini nzima. Unapofungua koki wakati wa mgao, unachukua lita zako na unapunguza uwezekano wa aliye mwisho wa laini kupata zake. Bili inaonyesha lita ulizochukua, haionyeshi ulichompunguzia mwingine. Kwa hiyo "nimelipia" ni jibu sahihi kwa mamlaka ya maji. Kwa jirani si jibu.

Mskochi David Hume, katika karne ya 18, aliandika kwamba haki ni mtoto wa hali ya katikati. Mahali penye wingi usioisha hakuna anayehitaji sheria ya kugawana. Mahali penye njaa ya kuua, sheria inakufa, kila mtu anaokoa roho yake. Haki inapata kazi pale tu ambapo vitu ni vichache lakini vinaweza kutosha tukijipanga. Na Hume huyohuyo alisema maji kwa kawaida hayana mwenyewe kwa sababu ya wingi wake, ila akakumbusha kwamba zipo nchi za kale ambako kisima kilikuwa na mwenyewe hata pale ardhi ilipokuwa ya wote. Akili yangu inaenda moja kwa moja kwenye malambo ya Kishapu.

Lakini Hume alichelewa kusema jambo ambalo kila mtu wa Shinyanga analijua bila kitabu: hali hizo tatu si za nchi tatu tofauti. Ni za mwaka mmoja, palepale. Mwezi wa nne uko kwenye wingi, unakinga ndoo chini ya bati na zinafurika. Mwezi wa saba uko katikati. Mwezi wa tisa wa mwaka mbaya unakaribia ukingo. Nyumba ni ileile, na majirani ni walewale. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ni haki kumwagilia bustani kwa maji ya nyumbani, nami namuuliza: mwezi gani? Lita ya Machi si lita ya Septemba. Maadili ya maji ambayo hayana kalenda ni ya mtu anayeishi mahali pengine.

Swali la "maji hayo mnayatakia nini" halikuanzia kwenye uzio wa katani. Lilishaulizwa juu ya vichwa vyetu, kwa lugha ya mabalozi. Mwaka 1929 Uingereza, ikisema kwa niaba ya makoloni yake, ilibadilishana barua na Misri kukubali kwamba hakuna kazi itakayofanywa kwenye Mto Nile wala kwenye maziwa yanayoulisha, endapo inapunguza maji yanayofika Misri, bila Misri kuridhia. Ziwa letu limo humo. Maana yake, mama wa Shinyanga aliyekuwa anatembea kutafuta lambo alikuwa jirani wa mkulima wa pamba wa kule Delta, na yule wa Delta ndiye aliyekuwa juu ya laini kwa kalamu, ingawa kwa mteremko yuko chini kabisa. Tanganyika huru, mwaka 1962, ilisema haifungwi na mkataba ule. Na hatimaye bomba likajengwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, likapita zaidi ya kilomita 100 kuleta maji ya ziwa Shinyanga na Kahama. Lilizinduliwa 2009. Baadaye likaendelezwa kuelekea Nzega, Igunga na Tabora.

Hoja ya Tanzania wakati ule ilikuwa nzuri, na nadhani bado ni nzuri: huwezi kumwambia mtu aliye karibu na maji akae na kiu kwa sababu mwingine aliyazoea zamani. Kuwahi si kuhitaji. Lakini hoja hiyo ina pande mbili. Ikiwa kuwahi hakumpi Mmisri haki ya kutunyima, basi kukaa karibu na bomba kubwa hakumpi mtu wa juu haki ya kumkausha wa chini. Tuliyoyadai kwa Cairo tunadaiwa uani kwetu.

Sasa tupande juu zaidi kidogo, maana haitakuwa haki kumhoji mwenye ndoo tu. Adam Smith, rafiki wa Hume, aliandika mwaka 1776 kuhusu fumbo moja linalofundishwa hadi leo kwenye madarasa ya uchumi: hakuna kitu chenye manufaa kuliko maji, lakini huwezi kununulia kitu, almasi haina kazi, lakini inanunua karibu kila kitu. Wachumi wa karne ya 19 walilifumbua kwa kusema bei inafuata kile kipande cha mwisho unachoongeza. Mtu mwenye mto hajali lita moja zaidi. Mwenye almasi moja zaidi ametajirika.

Mfano ule wa Smith una makao yake halisi, nayo yako Shinyanga. Mwadui, wilayani Kishapu, John Williamson aligundua mwamba wa almasi mwaka 1940. Mwaka 1947 likatoka humo jiwe la waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimpa Binti Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Kwa hiyo ardhi ileile ambayo ndoo ya maji ni ya kugombewa mwezi wa tisa, ndiyo iliyotoa jiwe la kwenye kifua cha malkia. Smith angefika angeona fumbo lake limepinduka: hapa maji yenyewe ni ya adimu, na kipande cha mwisho cha maji kina thamani ambayo muuza maji mwenye baiskeli na madumu manne anaijua vizuri kuliko profesa.

Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi huo lilipasuka, na tope likafunika makazi, mashamba na malisho ya vijiji vya jirani. Silitaji ili kuhukumu. Nalitaja kwa sababu linaonyesha mizani tuliyonayo. Ndoo moja kwenye mchicha ina shahidi, jirani, aliyesimama kwenye uzio akiuliza ni ya nini. Maji makubwa, yale yanayopimwa kwa mita za ujazo, yanayosafisha mawe, hayana jirani wa kuyachungulia. Yana kibali, mita na ripoti. Swali la anasa tumezoea kulishusha chini, halipandi. Mwanamke mwenye ndoo anaambiwa ajieleze. Bustani ya maua mbele ya ofisi haijielezi. Sehemu ya kuoshea magari nayo haijielezi.

Ukifika Geita na Msalala, kesi inabadilika sura. Kule maji hayakosekani kwa kiwango kile. Tatizo ni kwamba yaliyopo karibu yanaweza kuwa yamepita kwenye dhahabu. Wachimbaji wadogo wanasaga mawe kwenye makarasha, wanachenjua kwenye mialo, wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, na marudio yanabaki yamerundikwa. Mvua ya kwanza ya vuli inapiga lile rundo na kuteremka nalo. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza zebaki, lakini mkataba hauchuji kijito. Na mwamba wenye dhahabu wa ukanda huu mara nyingi unakuja na aseniki yake, zebaki iwepo isiwepo.

Bonde lililo chini ya mwalo lina rutuba na unyevu hata kiangazi. Ni mahali pazuri pa nyanya na chinese. Na duara likitoa, watu wanamiminika, wanahitaji kula, mboga inanunulika asubuhi kabla hujaishusha kwenye baiskeli. Hebu tuchukulie mkulima mmoja ana matuta mawili. La uani ananyeshea kwa maji ya bomba, ni la watoto wake. La bondeni ananyeshea kwa maji ya kijito, ni la soko. Hajavunja sheria yoyote anayoijua. Hajaona mtu akiugua. Lakini amechora mstari, na ule mstari unasema kwamba anajua. Ukiwa na mboga ya kula na mboga ya kuuza, na hizo mbili hazinyweshwi maji yaleyale, huhitaji mwanafalsafa. Umeshajihukumu.

Ndiyo maana nasita ninapoona watu wakiipamba bustani ya nyumbani kama jambo jema lisilo na doa: ulaji bora, kujitegemea, kijani kibichi. Mboga si njema kwa kuwa ni mboga. Inarithi maadili ya maji yake. Mchicha wa Shinyanga unaweza kuwa umemnyima jirani, na wa bondeni Geita unaweza kumdhuru mnunuzi.

Basi jibu langu ni nini? Nasema bustani ya nyumbani ni hitaji, si anasa, na ingepaswa kuhesabiwa hivyo tunapopanga maji. Lita 25 ni kipimo cha kutokufa. Mtu hali maisha yake yote kwa kutokufa. Watoto wanahitaji majani kwenye ugali wao mwezi wa tisa kuliko mwezi wa nne, kwa sababu mwezi wa nne mgagani na mlenda vinajiotea vyenyewe kandokando ya njia. Kiangazi, wakati bustani inagharimu maji mengi zaidi, ndipo inapokuwa na thamani zaidi kwenye sahani. Anayesema acha bustani mpaka mvua irudi anamwambia maskini ale mboga msimu ambao ni bure, asile msimu ambao ni ghali. Huo si ushauri wa kubana matumizi.

Lakini hitaji lina foleni. Kiu ya jirani inatangulia mboga yangu. Mboga yangu inatangulia maua ya mtu yeyote, gari la mtu yeyote. Na nikiwa mimi ndiye niliye juu ya laini, siku ya mgao, nina deni ambalo haliko kwenye bili: ndoo mbili za kwanza za aliye chini. Yule dada wa uzio wa katani alilipa deni hilo kabla hajamwagilia, na kwa maoni yangu alikuwa amemaliza. Hakutakiwa kuua mchicha wake ili aonyeshe ana huruma.

Foleni hiyo inapungua makali ukijua maji ya kwanza na maji ya pili. Maji yaliyoosha mchele, yaliyosuuza vyombo, yaliyomnawisha mtoto, yameshafanya kazi ya haki mara moja. Yakienda kwenye shina la papai au mgomba yanafanya kazi mara ya pili. Tusiyapeleke yale yenye sabuni nyingi kwenye majani tunayokula, lakini tusiyamwage pia. Hapa tena sarufi inatusaidia: maji yaleyale ukiyaachia njiani umeyamwaga, ukiyapeleka shinani umemwagilia.

Na zaidi ya hapo, Usukuma ulikuwa na falsafa ya jambo hili kabla sijazaliwa. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua, majani yakiwa tele na kila ng'ombe angeweza kushiba humo, ili lifunguliwe kiangazi. Miti ya Shinyanga ilifyekwa sana, kwanza enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, halafu kwa pamba na kuni, hadi mkoa ukaonekana unaelekea jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza 1986, kilichozaa matunda ni kurudi kwenye ngitili, kitu ambacho wenyeji walikuwa nacho, na maelfu kwa maelfu ya hekta yakarudi kijani. Ngitili inasema kwamba kipindi cha kujinyima ni kile cha wingi. Kiangazi kikifika, kujinyima kumeshachelewa, kilichobaki ni kugombana.

Jikoni ngitili ina ndugu zake. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyochemshwa na kuanikwa, ni mvua ya Aprili iliyohifadhiwa kwenye kikapu. Michembe ni hivyo hivyo. Wazee hawakuwa na mita ya maji lakini walijua kuhamisha lita kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine, kwa kupitia jani.

Leo tuna bati. Paa la mita za mraba 40, mvua ikiwa milimita 700 kwa mwaka, linapokea lita 28,000. Hata yakipotea mengi, yanabaki mengi. Lile tuta letu la lita 25 kwa siku, kuanzia Juni mosi hadi mwisho wa Septemba, linahitaji lita 3,050. Simtanki moja ya kawaida, iliyojaa kwenye mvua za mwisho za Mei, inakaribia kabisa kulitosha. Kumbe ugomvi wa uzio wa katani ulikuwa wa kalenda. Maji yale yalishawahi kupita juu ya nyumba zote mbili, ya juu na ya chini, bila kujali presha, miezi minne kabla. Kilichokosekana ni mahali pa kuyaweka, na bei ya mahali hapo kwa familia inayonunua unga kwa kipimo ni mlima. Sera inayopima kilomita za bomba na idadi ya vilula ingeweza pia kupima matangi chini ya mabati. Saruji ya kisima cha paa ingepunguza ugomvi mwingi kuliko mahubiri ya kubana matumizi.

Kwa hiyo ukimwona mtu ameinama na ndoo kwenye mchicha wake mwezi wa tisa, kabla hujasema anamwaga, muulize mambo mawili tu: wa chini yako amepata? Na maji haya yametoka wapi? Majibu yakiwa mazuri, msalimie mwangaluka, upite. Ikibidi kumhoji mtu zaidi, panda mlimani kidogo. Kuna wengi huko ambao hatujawahi kuwauliza hata swali moja.